Nani Aliyeuliza Habari za Betri

Miongozo ya vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo mwaloni kila mtu anaviita BMU, ina kifungu kifupi ambacho wajumbe wengi wa bodi za makampuni ya mjini hawajawahi kukisikia. Kamati iwe na watu 9 hadi 15. Wenye mitumbwi wakae meza moja na vibarua wao, wachuuzi wakae na mafundi wa mitumbwi na nyavu, na wanawake wasipungue 3. Tanzania, Kenya na Uganda zilikubaliana hivyo katikati ya miaka ya 2000, chini ya Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, LVFO, yenye makao yake Jinja. Wakati huo makampuni mengi ya Afrika Mashariki yalikuwa bado yanampongeza mwanamke mmoja kwa kuingia bodini, yakimpiga picha na kuiweka picha hiyo kwenye ripoti ya mwaka.

Katika mwalo mmoja usio mbali na Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, kifungu hicho kilitekelezwa kama kilivyoandikwa. Wanawake watatu walichaguliwa. Walikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na katika mihtasari ya vikao vya mwanzo majina yao yanaonekana sehemu moja tu: orodha ya waliohudhuria.

Aliyeandika mihtasari hiyo alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, aliyepewa ukarani kwa sababu mwandiko wake ulisomeka. Baadaye maisha yalimvusha ziwa hadi Mwanza, akaandika mihtasari ya aina nyingine kabisa, ya watu waliovaa tai na kunywa maji ya chupa. Kumbukumbu zinazosimuliwa hapa ni zake. Zina faida moja ambayo kumbukumbu za wakurugenzi hazina: karani hukaa kimya kikaoni, na anayekaa kimya husikia hata lile ambalo halikuulizwa.

Ukerewe ni wilaya ya visiwa 38. Watu wanalima mihogo, viazi na machungwa, lakini fedha ya mkononi inatoka majini. Ziwa Victoria lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, kama nusu yake iko Tanzania, na sensa za uvuvi zimehesabu wavuvi zaidi ya 200,000 katika nchi zote tatu. Daftari la mwalo, kwa hiyo, si jambo dogo. Mengi ambayo serikali na wanunuzi wanajua kuhusu ziwa hilo huanzia kwa mtu aliyesimama mchangani na kalamu.

Daftari la karani lilikuwa na safu za sangara. Urefu wake, maana chini ya sentimita 50 alikuwa haruhusiwi. Uzito wake. Barafu ilikuwepo au haikuwepo. Leseni ya mtumbwi, ukubwa wa matundu ya nyavu. Safu hizo hazikubuniwa Nansio. Zilikuwa na historia iliyoanzia mbali: viwanda vya minofu vya Mwanza viliuza Ulaya, na Ulaya ilifunga mlango mara kadhaa mwishoni mwa miaka ya 1990, mwaka 1998 kwa sababu ya kipindupindu na mwaka 1999 kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia samaki. Baada ya mishtuko hiyo, kila aliyetaka kuuza ilimbidi athibitishe usafi kwa maandishi. Mnunuzi ndiye aliyeuliza maswali, na daftari likayajibu.

Dagaa walikuwa na mstari mmoja, chini kabisa, pamoja na furu na wengineo. Ajabu ni kwamba kwa uzito, dagaa ni zaidi ya nusu ya mavuno ya ziwa zima. Ndio mboga ya familia kuanzia Bwiru hadi Bukavu, na kazi ya kuwaanika, kuwageuza, kuwafunga kwenye magunia na kuwauza iko mikononi mwa wanawake. Lakini hawakuwa wakienda Hispania wala Uholanzi. Hakuna aliyewaulizia, basi hakuna aliyewaandika.

Jambo lililovunja ukimya wa benchi la nyuma lilikuwa taa.

Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa mwanga unaowavuta juu. Kwa miaka mingi mwanga huo ulikuwa wa karabai, na karabai ilikula mafuta ya taa bila huruma. Taa za LED zilipoingia, za betri na baadaye za sola, wenye mitumbwi walishangilia, na walikuwa na haki. Gharama ya usiku mmoja ilishuka, moshi ukapungua, mafuta yakaacha kumwagika ndani ya mtumbwi. Wageni wa miradi walipotembelea mwalo walipiga picha taa hizo na kuandika kwamba uvuvi umekuwa wa kijani. Kikaoni mwenyekiti alitaka hilo liingie kwenye muhtasari, likaingia.

Ndipo mmoja wa wale wanawake, mwanika dagaa wa siku nyingi, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, umeandika kwamba taa zimebadilika?"

"Nimeandika, mama."

"Na betri zinazokufa umeandika zinakwenda wapi?"

"Daftari halina mahali pa kuandika hilo, mama."

"Basi chora mahali."

Tajiri mmoja, maana huku ziwani mwenye mtumbwi huitwa tajiri hata kama mtumbwi wenyewe ni mmoja na unavuja, alisema kwa adabu kwamba mambo ya usafi yangeweza kungoja mwisho wa kikao. Kwa kawaida hapo ndipo jambo hufa. Safari hii mwanamke wa pili alisema kwamba asidi humwagwa kwenye mchanga uleule wanakoanika dagaa. Wa tatu akasema mjukuu wake aliungua mguu. Kibarua mmoja, kijana aliyekuwa hajawahi kusema neno mbele ya tajiri wake, akaunga mkono kwamba ni kweli, wao vibarua ndio wanaotumwa kumwaga. Karani alichora safu mpya kwa rula. Kamati ikaamua kwamba anayechukua betri iliyochajiwa arudishe ile iliyokufa kwenye kibanda cha kuchajia, na asiyerudisha alipe.

Matokeo hayakuwa muujiza. Betri ziliendelea kuonekana kwenye matete upande wa pili wa ghuba, ambako kamati haikuwa na mamlaka. Lakini pale mwaloni mchanga ulisafishwa, zikajengwa chanja za kuanikia juu ya ardhi, na kwa mara ya kwanza hasara ya dagaa wanaoozea mvuani ikaanza kuandikwa kwa ndoo. Ilipoandikwa, ilijadiliwa. Kabla ya hapo kila mama aliibeba hasara yake nyumbani.

Mara nyingi karani alijiuliza ni nini hasa kilichofanya kazi siku ile. Ujasiri wa mama yule ulikuwepo tangu zamani. Kila mtu mwaloni aliujua ulimi wake. Kilichokuwa kipya ni kwamba aliposema, kulikuwa na wa pili na wa tatu. Mwaka 2006, mbali sana na Ukerewe, watafiti watatu, Vicki Kramer, Alison Konrad na Sumru Erkut, walichapisha ripoti iliyotokana na mazungumzo na wajumbe wanawake 50 wa bodi za makampuni makubwa, pamoja na wakurugenzi watendaji na makatibu wa makampuni. Walichokikuta ni kwamba mwanamke mmoja bodini huonekana mgeni, wawili hushukiwa kuwa na njama, na wakifika watatu mjadala hubadilika, kwa sababu hakuna tena anayewahesabu. Waliotunga miongozo ya BMU walifika kwenye namba hiyohiyo mwaka mmoja kabla ya ripoti hiyo kutoka.

Simu iliingia mwaloni kwa mlango mwingine. Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuianzisha Kenya, na haikuchukua muda wachuuzi wa Nansio wakawa wanapokea malipo kutoka Mwanza bila kusafirisha noti ndani ya meli. Kisumu, watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, waliweka bei za samaki kwenye ujumbe mfupi wa simu kuanzia mwaka 2009. Mvuvi aliuliza, jibu likaja. Nadharia ilikuwa imeshathibitishwa kwingine. Mchumi Robert Jensen alikuwa ameonyesha mwaka 2007, kwa takwimu za wavuvi wa Kerala huko India, kwamba simu zilipofika bei zilikaribiana kati ya soko na soko, na samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi wakapata mnunuzi.

Utafiti wa Jensen unastahili sifa zote unazopewa. Hata hivyo, ukiusoma ukiwa umesimama Nansio, unaona alichopima: bei, na samaki waliotupwa. Samaki waliobaki majini hawakuwa sehemu ya swali. Simu inamwambia tajiri wapi bei ni nzuri. Haimwambii kama sangara aliyemvua angestahili kuachwa azae. Ziwani, chombo kilichomwezesha mchuuzi kumkwepa dalali kilimwezesha pia mwenye kokoro kujua boti ya doria imetoka bandarini. Karani alisikia simu hizo zikipigwa, na hakuna kikao kilichowahi kuziandika.

Kisha ikaja zamu ya daftari lenyewe. Mradi mmoja, ambao hapa hautatajwa, ulileta simu zenye programu ya kukusanyia takwimu. Mafunzo yalifanyika mjini, chakula kilikuwa kizuri, na karani alirudi akiwa na simu mpya na mfuko wa kuizuia isilowe. Kwa sangara programu ilikuwa hodari: ukiingiza sentimita 45 inakukatalia, ukisahau aina ya nyavu haikuruhusu kuendelea. Takwimu ambazo zamani zilichukua miezi kufika Mwanza kwa meli zilifika kabla jua halijapanda. Hilo si la kubezwa. Tatizo ni kwamba safu ya betri haikuwemo. Wala ndoo za dagaa waliooza. Aliyeunda programu alichukua fomu ya zamani iliyochapwa, si daftari lililochorwa kwa rula, na fomu ya zamani ilijua maswali ya mnunuzi tu.

Karani aliendelea na daftari pembeni kwa muda. Halafu ikawa kazi mbili kwa posho moja, na vikao vikaanza kujadili kilichokuwa kwenye skrini. Betri zikarudi mchangani.

Watu wanaoishauri Afrika Mashariki kuhusu mageuzi ya kidijitali hupenda kusema kwamba takwimu huleta uwajibikaji. Ni kweli kwa yale yaliyoulizwa. Kwa yale yasiyoulizwa, mfumo mpya ni mkali kuliko daftari, maana daftari lina pembezoni mwa ukurasa, mahali pa kuandika jambo lisilo na safu.

Mwanza, miaka kadhaa baadaye, yule karani aliajiriwa na kampuni moja ya usindikaji, nayo isitajwe jina. Alikuwa msaidizi wa katibu wa kampuni, mwandishi wa mihtasari ya bodi. Meza ilikuwa ndefu na wajumbe walikuwa wanaume waliofanana kwa zaidi ya jinsia: wahasibu na wahandisi wa rika moja, wengi wakiwa wamesoma vyuo vilevile. Walikuwa watu makini. Walisoma makabrasha. Ukutani kulikuwa na skrini iliyoonyesha hali ya kampuni kwa rangi, na kwenye mstari wa mazingira, uliotokana na vipimo vya majitaka kabla ya kutoka kiwandani, rangi ilikuwa ya kijani kikao baada ya kikao. Mwenyekiti alisema "mazingira, tuko vizuri", na ajenda ikasonga.

Bodi ilipopata mjumbe mwanamke wa kwanza, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika maabara ya maji, mstari ulibaki kijani na muhtasari ukabaki mfupi. Alikuwa anauliza, lakini peke yake, na maswali yake yaliahirishwa "kwa menejimenti". Walipoongezwa wengine wawili, mmoja mwanasheria na mwingine mfanyabiashara aliyekulia Ukara, ajenda ya mazingira ilianza kumaliza muda. Swali lenyewe lilikuwa la kitoto: mtambo unapima saa ngapi? Ikagundulika kwamba kipimo kilisoma wakati umeme wa gridi upo. Ukikatika, kiwanda kilihamia jenereta, kipimo hakikuunganishwa na jenereta, na mfumo ulitafsiri ukimya kuwa usafi.

Hakukuwa na hila. Hilo ndilo lililomgusa karani zaidi. Kila mtu alikuwa amefanya kazi yake, fundi alifunga kipimo kama alivyoagizwa, programu ilipaka rangi kama ilivyoelekezwa. Lilikosekana swali tu, na lililetwa na mtu ambaye utotoni alichota maji ya kunywa ufukweni na kujua kwamba siku ya giza maji yananuka.

Hapa inafaa kuwa mwangalifu, kwa sababu jambo hili la wanawake bodini limeshakuwa fasheni. Norway ilipitisha sheria mwaka 2003, na hadi mwanzoni mwa 2008 makampuni yake makubwa ya hisa yalitakiwa yawe na angalau asilimia 40 ya kila jinsia bodini, la sivyo yavunjwe. Kenneth Ahern na Amy Dittmar waliandika mwaka 2012 kwamba thamani ya makampuni hayo ilishuka. Wataalamu wengine wakarudia hesabu miaka kumi baadaye na hawakuiona hasara hiyo. Kuhusu mazingira, tafiti nyingi zinakuta kwamba makampuni yenye bodi mchanganyiko hutoa taarifa zaidi za hewa ukaa na kufanya vizuri zaidi. Lakini kampuni inayojali inaweza kuwa ndiyo inayochagua bodi ya namna hiyo, si bodi inayoifanya ijali. Namba peke yake haiwezi kumaliza ubishi huu. Umoja wa Ulaya hata hivyo haukungoja ubishi uishe; mwaka 2022 ulipitisha agizo lake lenyewe la asilimia 40 kwa wajumbe wasio watendaji. Tanzania haijaweka kiwango kwa makampuni binafsi. Chama cha Waajiri, ATE, kimechagua njia ya mafunzo, kwa programu ya kuwaandaa wanawake kwa uongozi na ujumbe wa bodi iliyoigwa kutoka kwa waajiri wa Norway.

Na jinsia si yote. Bodi ya wanawake watano waliosoma darasa moja na kuishi mtaa mmoja ingeweza kuutazama ule mstari wa kijani miaka kumi.

Mfano wa Mto Mara unaonyesha vizuri zaidi suala la nani yuko mezani. Mwaka 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvujisha majitaka. Miaka mitatu baadaye, Machi 2022, maji ya Mto Mara yalibadilika kuwa meusi, samaki wakaelea, na wananchi, wakikumbuka yaliyopita, walikuwa na mshukiwa wao tayari. Serikali iliunda kamati iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele. Sampuli zilichukuliwa, vipimo vikafanyika maabara, na jibu likatoka: kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza vilimaliza oksijeni majini. Vijiweni watu walicheka kwa uchungu. Inawezekana kabisa maabara ilisema kweli. Mabwawa yenye matete na mifugo mingi huweza kufanya hivyo. Lakini wavuvi na wafugaji wa kando ya mto waliipokea ripoti hiyo wakiwa nje ya meza iliyoiandika. Namba sahihi iliyotolewa hivyo hufika ikiwa imeshapoteza nusu ya nguvu yake.

Jirani na Nansio, katika Kisiwa cha Ukara, kuna kisa kingine, na hiki kilianza kwa furaha. Mwaka 2016 kampuni ya JUMEME iliwasha gridi ndogo ya umeme wa jua kijijini Bwisya, ikiwa na wabia wa Ulaya na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilichoko Mwanza. Kilikuwa kielelezo cha kila neno jipya: mita za malipo ya kabla, ununuzi wa umeme kwa simu, betri, usimamizi kwa mtandao. Mashine za kusaga ziliacha dizeli. Maduka yakapata friji. Uniti moja, hata hivyo, iligharimu mara nyingi zaidi ya ile ya shirika la umeme la taifa, TANESCO, ng'ambo, kwa sababu mtambo mdogo kisiwani lazima urudishe mtaji wake wenyewe, na gridi ya taifa haibebi mzigo huo kwa namna hiyo. Wakazi walilalamika. Mwaka 2020 serikali iliagiza gridi ndogo za binafsi ziuze kwa shilingi 100 kwa uniti, bei ya wateja wadogo wa TANESCO. Kilio cha wananchi kikasikika, na mahesabu ya wawekezaji yakavurugika, nchi nzima. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, ila bei ya kwanza ilipangwa na watu wa mahesabu ya mtaji, ya pili ikapangwa na watu wa siasa. Mama muuza maandazi wa Bwisya, ambaye angeweza kusema ni shilingi ngapi hasa anaweza kulipa na saa ngapi anahitaji umeme, hakuketi kwenye meza yoyote kati ya hizo mbili.

Fedha nayo imeanza kuuliza maswali. Benki ya NMB, chini ya Ruth Zaipuna, iliuza hatifungani ya Jasiri mwaka 2022 kwa ajili ya mikopo ya biashara zinazomilikiwa na wanawake au zinazowanufaisha; ilitafuta shilingi bilioni 25 ikapata 74.3. Mwaka uliofuata benki ya CRDB ilileta hatifungani ya Kijani, ikitaka bilioni 40, wakaja wanunuzi wa bilioni 171.8. Mamlaka ya maji ya Tanga ikafuata mwaka 2024 na hatifungani yake ya kijani ya bilioni 53.12. Ni fedha nyingi, na kila shilingi inadai ripoti. Kwa wanaoandika ripoti hizo, Juni 2023 kulitolewa viwango vya kimataifa vya taarifa za uendelevu, IFRS S1 na S2, ambavyo vinaitaka kampuni ieleze pia ni nani bodini anayesimamia hatari za tabianchi na ana ujuzi gani. Swali hilo la pili lingeiokolea kampuni ya yule karani miaka ya kujidanganya.

Chini, mwaloni, wanawake hawakungoja viwango. Mwaka 2019 ulizinduliwa mtandao wa wanawake wa sekta ya uvuvi Tanzania, TAWFA, ukiungwa mkono na FAO na shirika la EMEDO la Mwanza, na mwanika dagaa wa Ukerewe akapata njia ya kusema na mwanika dagaa wa Kilwa na wa Kigoma kuhusu choo cha mwaloni, ushuru, na mvua. Karani, ambaye sasa amerudi Nansio na hufanya kazi ya kuwaandikia vikundi maandiko ya mikopo, ameona tofauti kwenye vikao. Benchi la nyuma halina mtu.

Maandiko yenyewe siku hizi mengi ni ya vizimba. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza mikopo isiyo na riba ya boti 160 na vizimba 222 vya kufugia samaki, na tangu hapo kila kikundi cha Ziwa kinazungumza habari za vifaranga, chakula cha samaki na bei ya sato. Vizimba vinaweza kupunguza shinikizo kwa samaki wa asili, lakini chakula kisicholiwa na kinyesi huzama palepale, na maji yenye oksijeni kidogo yakipanda kutoka chini samaki wote wa kizimba wanaweza kufa kwa usiku mmoja. Wafugaji wa Kisumu wanaujua msiba huo. Uliwapata Novemba 2022. Kwa hiyo wauzaji wa vifaa wanakuja na vipima oksijeni vinavyotuma tahadhari kwenye simu.

Kikundi kimoja cha wanawake na vijana kilipopitia kifaa cha namna hiyo, mjadala haukuwa juu ya bei. Programu ilikuwa na nafasi mbili za namba za simu, moja ya mwenyekiti na moja ya msimamizi wa mkopo, ambao usiku wanalala mjini. Mwekahazina, binti wa mmoja wa wale watatu wa zamani, alitaka namba ya mlinzi anayelala kwenye mtumbwi kando ya vizimba, kwa sababu ndiye mwenye dakika za kuvuta nyavu au kuwasha pampu. Akataka pia vipimo vya maji vya kila juma vibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa wanaochota maji upande wa chini ya upepo, na viandikwe kwa lugha ya kawaida. Muuzaji alijibu kwamba hilo la ubao ni la kikundi chenyewe, lakini namba ya tatu itabidi aulize makao makuu. Karani aliliweka ombi hilo kwenye andiko la mkopo kama sharti la ununuzi, ukurasa wa nne, chini ya gharama za pampu.